Mwamba Ulikuwa Bei Gani?

Sauti ile ilinifikia kwenye simu Jumatatu asubuhi, tarehe 20 Aprili 2020. Nilikuwa na koleo mkononi, nimezama matope hadi magotini, ndani ya kilichokuwa sebule ya shemeji yangu pale Kasenga. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17, juma lenyewe la Pasaka, mvua ilinyesha milimani juu ya Uvira, mji wetu wa Kongo ulio kando ya ziwa, na mto Mulongwe ukashuka na mawe, magogo na udongo, ukapita katikati ya mitaa kana kwamba hapajawahi kujengwa kitu. Watu makumi walikufa. Nyumba zilizoanguka zilihesabiwa kwa maelfu. Bomba halikutoa hata tone, kwa hiyo matope ya mto tuliyanawa kwa maji ya ziwa.

Mahubiri kwa simu lilikuwa jambo la kawaida siku zile, maana serikali ilikuwa imefunga makanisa tangu mwezi wa tatu kwa sababu ya korona. Mhubiri wa sauti ile simtaji. Alisoma mwisho wa sura ya 7 ya Mathayo, nyumba ya mwamba na nyumba ya mchanga, kinanda kikilia taratibu nyuma yake. Akasema Uvira imepimwa. Akasema waliobomolewa walijenga juu ya mchanga wa ulevi na uasherati, na waliobaki wamshukuru Mungu, maana wao ni wenye akili. Alikuwa na sauti nzuri. Nyumba yangu ilikuwa imesimama. Nikaona ni kweli, nikaandika juu yake "Neno la leo", nikairusha kwenye kundi la shirika letu.

Hapa nisimame kidogo. Msomaji wa Dar es Salaam akisikia neno "shirika" ataona ofisi yenye gari jeupe na bendera. Magari hayo kwetu ni mengi, ila Mkatoliki wa Kivu akisema shirika ana maana ya nyumba 15 au 20 za mtaa mmoja zinazokutana mara moja kwa juma kusali, kusoma Injili, kuchanga kwa ajili ya mgonjwa na kusuluhisha ugomvi wa uzio. Tanzania na Kenya wanaita jumuiya ndogondogo. Maaskofu wa Kongo walichagua njia hiyo mapema, mwaka 1961, kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujaanza. Mimi nilikuwa mwongozi wa shirika letu. Ndiyo kusema sauti ile haikutumwa na mtu wa pembeni.

Kwenye kundi lile alikuwamo mama mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu. Alikuwa amelala usiku wa nne kwenye darasa la shule, yeye na watoto wake, pamoja na familia nyingine nyingi.

*

Nimekulia kati ya Biblia mbili, na kosa lile silielewi vizuri bila kurudi kwenye meza ya baba.

Koko, mama wa mama yangu, alikuwa Mpentekoste. Wapentekoste wa Uswidi walifika pwani hii mwaka 1921, na kazi yao ikazaa kanisa ambalo leo linaitwa CEPAC, jumuiya ya 8 katika orodha ya Kanisa la Kristo Kongo. Koko alijifunza kusoma ukubwani, kanisani, kwa kidole, na hadi anakufa hakuacha kufuata mstari kwa kidole hata pale alipokuwa anaujua kwa kichwa. Baba alikuwa Mkatoliki wa Wasaveriani, wale mapadri Waitalia waliofika mwaka 1958, miaka minne kabla Uvira haijawa jimbo. Mama alipoolewa alihamia kwa baba. Koko hakumsusa. Alianza tu kuja kula kwetu kila Jumapili mchana, akiwa na Biblia ndani ya mfuko wa plastiki.

Baba alikuwa na mstari wake, Waraka wa Pili wa Petro, sura ya 1, mstari wa 20: unabii wa Maandiko haufasiriwi na mtu kivyake. Koko alikuwa na wake, Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya 2, mstari wa 27: upako mlioupokea unawafundisha, hamhitaji mtu wa kuwafundisha. Walirushiana mistari hiyo miwili juu ya bakuli la sombe kama watoto wanaorushiana maembe mabichi, na mama akizunguka kuongeza bugali ili midomo ipate kazi nyingine.

Nilipokuwa na miaka kama 15 nilifanya jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyenishukuru. Nilisoma mistari inayofuata. Yohana anayewaambia watu hawahitaji mwalimu anawaambia hivyo katika barua ya kuwafundisha, na kilichomkera ni walimu wapya wanaowapotosha. Na Petro, mstari wa 21, anaeleza unabii ulikotoka, kwamba haukutoka kwa mapenzi ya mtu. Hapo Petro hakumnyima mama yeyote muuza muhogo ruhusa ya kufungua kitabu. Baba alisema, "Kula." Koko alisema, "Mwache aseme," halafu naye akasikia nilichosema juu ya Yohana, akanyamaza.

Miaka mingi baadaye ndipo nikaelewa kwamba ugomvi wao haukuwa wa mistari. Baba alikuwa kijana wakati wa uasi wa Mulele, na baadaye vita vyote vilivyofuata vilipita mbele ya mlango wake. Alikwisha kuona mtu mmoja akiamka asubuhi na ufunuo wake, na jioni vijana wanamfuata msituni. Kwake fasiri ya mtu mmoja ilinuka baruti. Koko naye alikuwa analinda kitu kimoja tu katika maisha yake ambacho hakuna mwanamume aliyempa kibali cha kukifanya: kufungua kurasa na kusoma mwenyewe. Kila Jumapili, mchungaji wake akimaliza, alirudi nyumbani kumkagua. "Naenda kumpima," alisema. Alipenda watu wa Beroya katika Matendo ya Mitume, sura ya 17, wale waliomsikiliza Paulo kisha wakachunguza Maandiko kila siku waone kama ndivyo. Paulo mwenyewe alipimwa, alikuwa akisema, sembuse huyu wetu.

Kupima kwa koko kulikuwa kazi. Biblia yake ya Kiswahili ilikuwa ile ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, iliyoandikwa kwa Kiswahili cha pwani ya Bahari ya Hindi. Maneno mengine humo, kwa mtu wa Uvira, ni wageni wanaohitaji kukaribishwa kiti. Koko aliyapeleka kwa jirani mwenye Biblia ya Kifaransa. Baadaye lilipomfikia Agano Jipya la Kifuliiru, akawa anaweka vitabu viwili sambamba juu ya mkeka na kulinganisha, kidole cha kulia hapa, cha kushoto pale. Mara nyingi vidole viwili havikukubaliana. Hapo ndipo alipofurahi kuliko siku zote.

Ningekuwa na kidole cha koko asubuhi ile ya koleo, nisingeirusha ile sauti.

*

Tulikutana baada ya majuma matatu, uani kwa Papa masoni. Masoni kwetu ni mwashi, na huyu amejenga nusu ya mtaa. Mikutano ya watu zaidi ya 20 ilikuwa imekatazwa, tukajihesabu, tukawa 17. Yule mama wa ndagala alikuja, akakaa kwenye tofali karibu na mlango. Nilimsalimu, akaitika vizuri.

Shirika letu husoma kwa hatua saba. Njia hiyo ilitungwa katika Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini, na mapadri Fritz Lobinger na Oswald Hirmer, ikasambaa Afrika nzima na mbali zaidi. Unamkaribisha Bwana, unasoma, kila mtu anaokota neno au kifungu na kulitamka polepole, mara tatu, mnanyamaza, mnashirikishana lililomgusa kila mmoja, mnatazama kazi ya kufanya, mnasali. Haitaki digrii. Wapo wanaoicheka, wanasema ni kuokota maneno kama kuokota maembe chini ya mti, bila kujua mti una mizizi gani. Nao hawakosei sana. Nimeshuhudia hatua ya tano ikigeuka kila mtu kueleza jinsi maandiko yanavyompendeza, halafu tukaagana.

Nilichagua Mathayo 7 kwa makusudi. Nilitaka kusahihisha jambo bila kulitaja, tabia mbaya ya waongozi.

Papa masoni akasema hawezi kuokota neno kabla hajauliza. Je, hadithi hii ipo pia kwa Luka? Ipo, sura ya 6. Tukaisoma. Akaomba isomwe tena. Halafu akacheka peke yake.

"Hawa ni mafundi wawili tofauti," alisema. Kwa Mathayo, alieleza, mwenye akili anachagua kiwanja: huyu mwamba, yule mchanga, kazi imekwisha kabla ya koleo. Kwa Luka hakuna mchanga hata chembe. Wote wawili wako juu ya udongo. Mmoja anachimba, anachimba chini sana mpaka aguse mwamba. Mwenzake anaweka tofali juu ya ardhi bila msingi. Na anayekuja kupiga ni mto. "Huyu Luka amekaa na masoni," alisema. "Mwamba uko chini ya kila kiwanja. Ni swali la kuchimba tu."

Sikumwambia kwamba wasomi wa Biblia wameliandika jambo hilohilo: Mathayo anaonyesha korongo la Palestina, kavu mwaka mzima na la hatari siku moja, ilhali Luka anaandikia watu wa miji wanaojua mto na msingi. Sikumwambia kwa sababu alikuwa amekwisha kuendelea. Alikuwa anatueleza kwamba Uvira yote ya chini ni mchanga na kokoto zilizoletwa na mito hiyohiyo, Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira, mvua baada ya mvua, na kwamba mahali pengine ukichimba kutafuta mwamba utakutana na maji ya ziwa kwanza.

Yule mama akasema kutoka kwenye tofali lake:

"Papa, mie pia nilijua mwamba uko fasi gani. Ulikuwa bei gani?"

Hakuna aliyejibu. Papa masoni, ambaye bei za viwanja anazijua kuliko ofisi yoyote ya ardhi, alitazama mikono yake. Mama akaendelea, bila hasira, kama mtu anayehesabu faida na hasara ya beseni la samaki. Kiwanja cha karibu na mto alikilipa kwa awamu mbili. Kile cha upande wa mawe, hata awamu kumi asingekimaliza. Akaongeza kwamba simu anayotumia ni ya kuazima, haina sauti nzuri sikioni, kwa hiyo siku ile ya Jumatatu aliisikiliza "Neno la leo" kwa spika. Darasani. Familia zote ziliisikia. Mmoja wa akina baba waliokuwamo alikuwa amezika mtoto Jumamosi.

Nilitaka ardhi inimeze. Nikasema samahani, nikaisema vibaya, nikaanza kueleza kwamba sikuitunga mimi. Papa masoni akanikata: "Mwongozi, soma."

"Nisome nini?"

Mama ndiye aliyejibu. "Yule anasema mtu anayesikia maneno haya. Maneno haya ni maneno gani?"

Nimefundisha shule ya sekondari miaka mingi. Nimewaambia wanafunzi mara mia: kiashiria kinaonyesha kitu, kitafute. Na sikuwa nimewahi kujiuliza maneno "haya" ni yapi. Yako juu yake, bila shaka: sura ya 5, ya 6 na ya 7, hotuba nzima ya mlimani. Tukaisoma yote kwa sauti, kwa kupokezana, giza likitukuta, mtu akashika taa ya simu. Tulisikia wapendeni adui. Tulisikia kuhusu kujiwekea hazina. Tulisikia usihukumu, mwanzo kabisa wa sura ileile ya 7. Tulisikia, mistari michache tu kabla ya nyumba, juu ya watu watakaokuja siku ile wakisema walitoa unabii na kufukuza pepo kwa jina la Bwana, naye atakana kuwajua. Na tuliona jambo ambalo mhubiri yule hangeweza kuliona kwa sababu alianzia pale alipoanzia: katika mfano ule wajenzi wote wawili wamesikia. Hakuna kiziwi. Tofauti yao ni kutenda. Aliyeyasikia maneno ya kutohukumu, akageuka kuwahukumu waliozikwa na matope, huyo ndiye mwenye nyumba ya mchanga. Na kwenye simu yangu tulikuwa wajenzi wawili, yeye na mimi.

Hatua ya sita siku ile haikuchukua muda. Mabati manne, misumari, siku mbili za Papa masoni bila malipo, na mimi koleo.

*

Juma lililofuata watu wenyewe walidai tuendelee, wakataka andiko linalotaja msiba. Katekista mmoja aliyekuwa jirani akapendekeza Luka 13, mnara wa Siloamu ulioangukia watu 18. Yesu anauliza kama hao walikuwa na hatia kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, na anajibu mwenyewe kwamba hapana.

Kila mtu aliipenda "hapana" ile. Tulikuwa na njaa nayo. Ilirudiwa mara tatu, mara sita, mara tisa, kila mmoja akiiokota kana kwamba ni ya kwake tu. Nilikuwa karibu kufunga daftari.

Lakini jibu halikomi hapo. Mstari haujaisha na tayari anasema: msipotubu, nanyi mtaangamia vivyo hivyo. Hapo uani pakapoa. Nusu ya pili ilionekana kumrudishia mhubiri wa simu haki yake. Kijana mmoja akasema tuiache, tulishapata tulichokuja kutafuta. Nilishawishika. Ingekuwa rahisi, na ingekuwa huruma. Lakini ningekuwa nafanya kile baba na koko walichofanya mezani, na mhubiri kwenye simu: kula mnofu wa samaki mukeke na kumwachia paka miiba.

Tulikaa na nusu ile ya pili karibu saa nzima. Mama wa ndagala ndiye aliyeifungua, na hakuifungua kwa elimu. Alisema: anayeambiwa atubu ni nani? Waliokufa hawasikii tena. Anaambiwa yule anayesikiliza. Aliyesimama. Kwa hiyo, alisema, nyinyi.

Basi tukaanza kujihesabu, sisi tuliosimama. Nani analima muhogo kwenye mteremko mkali juu ya mji, hadi udongo hauna mzizi wa kuushika? Wake zetu na dada zetu, kwa sababu uwandani vita viliwafukuza mashambani. Nani alikata miti ya mwisho kwa makaa? Nani anachukua mawe na mchanga mtoni kwa ajili ya kujenga, mpaka kingo zinalegea? Papa masoni akainua mkono wake mwenyewe, kama mwanafunzi. Nani aliuza kiwanja ndani ya njia ya mto akijua ni njia ya mto? Hapo hakuna mkono ulioinuliwa, ingawa tunafahamiana. Kutubu kulikuwa kumeacha kuwa jambo la mlevi wa mtaa wa pili.

Sidai kwamba hiyo ndiyo fasiri pekee ya Luka 13. Mtu aliyesomea atasema Yesu alikuwa anazungumza juu ya Yerusalemu na hukumu iliyokuwa inaukaribia mji ule, na atakuwa sahihi. Atasema pia tuendelee hadi kwenye mtini usiozaa unaoombewa mwaka mmoja zaidi, na tuliendelea, na tukaupenda. Ninachosema ni kwamba siku ile andiko halikupindwa. Lilisomwa lote, na uzito wake uliwaangukia wale waliokuwa na mabega ya kuubeba.

*

Baadaye nilipata nafasi ya kusoma kidogo, kwa kuazima vitabu parokiani. Nikakutana na hati ya Mtaguso juu ya Ufunuo, ya Novemba 1965, inayotaka kila andiko lisomwe ndani ya umoja wa Maandiko yote, pamoja na kutafuta mwandishi alitaka kusema nini kwa watu wa wakati wake na kwa mtindo gani wa uandishi. Nikakutana na waraka wa Tume ya Kipapa ya Biblia wa mwaka 1993, unaokubali njia nyingi za kusoma na kuwa mkali sana kwa moja, ile ya kushika neno kama lilivyo bila historia. Nikamkuta Agostino, mwana wa Tagaste, Algeria ya leo, aliyeandika miaka 1,600 iliyopita kwamba mtu anayedhani ameelewa Maandiko lakini uelewa wake haumjengi katika kumpenda Mungu na jirani, bado hajaelewa. Nilifurahi kumkuta Mwafrika mwenzangu amelisema. Nilifurahi zaidi kwamba koko angeweza kwenda kumpima.

Vitabu hivyo ni vizuri, na ningependa kila mhubiri wa Uvira, wa kwetu na wa kwao koko, avisome. Lakini havikuniambia jambo moja nililofundishwa na tofali karibu na mlango: nani awepo wakati wa kusoma. Wasomi kumi wakikaa kwenye nyumba zilizosimama watamfasiri vizuri Mathayo, watagundua hata tofauti yake na Luka, na huenda wasifike kwenye bei ya mwamba. Sisemi maskini hakosei akisoma. Yule mama ana fasiri zake nyingine za ajabu, hasa za kitabu cha Ufunuo, nazo tunabishana hadi leo. Nasema fasiri ambayo huwezi kuitamka mbele ya mtu inayemwangukia ina kasoro, hata kama Kigiriki chake ni kizuri.

Nina sababu ya kulisema kwa ukali. Nikiwa kijana, katika mmoja wa ile miaka ya vita, nilimsikia mhubiri mgeni akisoma 1 Samweli 15, ambapo Sauli anaamriwa kuwaangamiza Waamaleki, mtoto na mnyonyeshwa. Hakutaja kabila. Haikuwa lazima, kila aliyekuwamo alijua Waamaleki wa juma lile ni akina nani. Benchi la mbele yangu alikaa mama aliyekuwa mmoja wao, amekuja kusali kama Jumapili nyingine zote. Nilitazama shingo yake muda wote wa mahubiri. Hakugeuka. Jumapili iliyofuata hakuja, na baadaye nyumba yake ilikuwa na watu wengine.

Tangu siku hiyo nimesikia mahubiri ya aina ile katika lugha tatu, na kila mara Waamaleki walikuwa watu tofauti. Kwetu hapa, kati ya milima na ziwa, kila mmoja amewahi kuwa Israeli.

*

Tarehe 18 Agosti 2024 Kardinali Fridolin Ambongo alikuja Uvira kuwatangaza wenyeheri mapadri Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Albert Joubert pamoja na bruda Vittorio Faccin. Waliuawa wote siku moja wakati wa uasi ule wa Mulele, tarehe 28 Novemba 1964, Faccin na Carrara Baraka, Didonè na Abbé Joubert Fizi. Watatu walikuwa Wasaveriani kutoka Italia. Abbé Joubert alikuwa mtoto wa ziwa hili, baba Mfaransa, mama Mwafrika. Mji ulijaa shamrashamra kwa majuma kabla ya siku hiyo. Vitenge vyenye picha zao vilishonwa, nyimbo zikafanyiwa mazoezi, na kwenye shirika tukaamua kujiandaa kwa kusoma maneno ya kuwapenda adui na kuwaombea wanaotutesa, mwisho wa sura ya 5 ya Mathayo. Sura ileile. Maneno "haya".

Tulikutana tena uani kwa Papa masoni. Sasa mama wa ndagala alikuwa na kiti. Papa masoni amezeeka. Macho yamepungua, hasomi tena, anasomewa. Tulimkaribisha Bwana, tukasoma, tukaokota maneno. "Wapendeni." "Waombeeni." Kila mmoja aliyatamka kwa sauti ya mtu aliyeonewa, na hakuna anayeweza kutulaumu, maana hakuna nyumba katika shirika letu isiyo na mtu wa kumsamehe. Tukanyamaza kama hatua ya nne inavyotaka. Nikafungua mdomo kukaribisha hatua ya tano.

"Mwongozi, ngoja," alisema Papa masoni.

Alisema alikuwa na miaka 14 wakati wa Mulele. Yaya wake, aliyemtangulia kuzaliwa, aliondoka nyumbani mwezi wa tano wa mwaka ule wa 64 pamoja na waasi wa Simba, amenyunyiziwa maji ya dawa, amefurahi. Alielekea Fizi. Hakurudi, wala mwili wake. Mwezi wa 11 alikuwa wapi, hakuna aliyewahi kuwaambia.

"Nimewasikiliza wote," alisema. "Wote mmesoma mkiwa upande wa padri. Hapa kati yetu, nani anasomea upande wa mwenye bunduki?"

Ziwa lilisikika kutoka kule chini, na pikipiki moja barabarani, kisha ziwa peke yake. Nilikuwa na ratiba ya parokia kwenye daftari, na zamu ya kufunga ilikuwa yangu. Mama wa ndagala aliweka mkono juu ya goti la mzee na hakusema kitu. Hatua ya tano tuliifanya juma lililofuata.